Pengo Ukingoni mwa RAM

Kipande cha RAM cha kompyuta ya mezani kina urefu wa sentimita 13 na ushei. Kwenye ukingo wake wa chini zimejipanga pini za rangi ya dhahabu, na mahali fulani kwenye ukingo huo pamekatwa pengo dogo kama la jino lililong'oka. Fundi mzoefu wa Juba, Sudan Kusini, akipewa kipande ambacho kibandiko chake kimefutika kwa jasho na vumbi, hahangaiki na maandishi. Anakigeuza kiganjani, anapitisha ukucha ukingoni hadi uzame pengoni, kisha anatoa jibu: hii ni DDR2, hii ni DDR3, hii haiingii kwenye mashine yako. DDR2 na DDR3, vizazi viwili vya RAM vinavyofuatana, zina urefu uleule na idadi ileile ya pini, 240. Kinachozitenga ni pale pengo lilipo. Kwenye DDR2 pini za upande mmoja zimegawanyika 64 kwa 56; kwenye DDR3 zimegawanyika 48 kwa 72. Ya kwanza inakula volti 1.8, ya pili volti 1.5, na pengo limewekwa ili mtu asiweze kuzichanganya hata akitaka.

Ila pengo linajibu swali la kwanza tu. Baada yake yapo maswali mengine matano au sita, na kila moja limewahi kumla mtu hela Juba. Ujuzi wa kuyajibu haukufundishwa darasani. Uliingia mjini kidogokidogo, pamoja na amani, barabara, malori ya mitumba na sarafu iliyopanda na kushuka. Ndiyo maana ukiuliza ni RAM ya kizazi gani ilitamba Juba mwaka fulani, unajikuta unauliza ni barabara gani ilikuwa wazi mwaka huo.

Kabla ya 2005 jibu lilikuwa fupi. Juba ilikuwa mji wa kambi ya jeshi la Khartoum, umezungukwa na vita. Bidhaa zilifika kwa ndege au kwa mashua zilizopanda Mto Nile kutoka Kosti. Chuo Kikuu cha Juba, kilichoanzishwa 1975, kilihamishiwa Khartoum mwaka 1989, na vijana ambao wangekuwa wa kwanza kufungua maboksi ya kompyuta wakaondoka nacho. Upande wa pili wa vita, kazi za ofisi na za misaada ziliendeshwa kutoka Nairobi na Lokichoggio, huko Turkana, ambako operesheni ya Umoja wa Mataifa ya kupeleka chakula kusini mwa Sudan ilikuwa na kituo chake tangu 1989. Kisha tarehe 3 Novemba 1997 Rais Bill Clinton akaiwekea Sudan vikwazo vya biashara. Bidhaa ya Kimarekani, kompyuta ikiwemo, haikuweza tena kwenda Sudan bila kibali cha Washington.

Miaka hiyohiyo dunia ilikuwa inatumia RAM za SDRAM, zenye pini 168 na mapengo mawili. Mwaka 2000 ukaja mpango wa DDR ya kwanza: pini 184, pengo moja. Yote hayo yaliipita Juba kwa mbali.

Mkataba wa amani wa kumaliza vita vya Kusini ulitiwa saini Nairobi, kwenye uwanja wa Nyayo, tarehe 9 Januari 2005. Serikali ya Kusini ikaja kukaa Juba, kwenye mji usio na lami wala umeme wa kutegemea. Wageni walilala kwenye mahema kando ya Nile kwa bei ya hoteli kubwa. Mtandao wa simu wa Gemtel ulitumia msimbo wa Uganda, 256, kwa hiyo kumpigia mtu wa Juba ilikuwa kama kumpigia mtu wa Gulu au Kampala. Jambo hilo dogo lilionyesha mapema upande ambao biashara ingeelekea.

Mwaka uliofuata milango miwili ilifunguka ndani ya wiki saba. Tarehe 26 Agosti 2006, Juba kwenyewe, serikali ya Uganda na waasi wa LRA walitia saini makubaliano ya kusimamisha mapigano, na njia ya Gulu hadi Nimule, iliyokuwa ikipitwa kwa woga, ikaanza kupitika. Tarehe 13 Oktoba Rais George W. Bush akalegeza vikwazo kwa upande wa Kusini. Wafanyabiashara wa Uganda na Kenya wakaingia na mizigo yao: magodoro, bia, mabati, nyanya, na katikati ya hayo maboksi ya kompyuta yaliyofungwa kwa mkanda wa gundi. Mlolongo ulikuwa mrefu. Kompyuta iliyostaafu kwenye ofisi ya Uingereza ilishuka Mombasa, ikavuka Malaba, ikapumzika Kampala, ikapanda Gulu, ikavuka Nimule, ikaishia kwenye duka la kuchapa na kutoa nakala mjini Juba. Nyingine zilizunguka kwa Dubai, kwenye maduka ya barabara ya Khalid bin Al Waleed, mtaa ambao wanunuzi wa Afrika Mashariki wanaujua kuliko wanavyojua jina lake kamili.

Kizazi cha mashine za miaka hiyo kinakumbukwa kwa majina kama majina ya magari: Compaq Evo D510, HP d530, Dell OptiPlex GX260 na GX270. Zote ni za DDR ya kwanza. Nyingi zilikuwa na megabaiti 256. Windows XP ilikubali kuwaka hata na megabaiti 64, lakini ukiongeza programu ya kukinga virusi, Word na faili la Excel lenye orodha ya mishahara, mashine inaanza kunguruma na mshale unaganda. Hapo ndipo biashara ya kuongeza RAM ilipozaliwa Juba. Kipande kimoja cha megabaiti 512 kilibadilisha siku nzima ya karani.

Na hapo ndipo makosa ya kwanza yalipoanza. Dell GX270 na GX280 machoni pa mteja ni mapacha: boksi jeusi linalofunguka kama kitabu, kitufe kilekile, ukubwa uleule. Ndani, GX270 inatumia DDR na GX280 inatumia DDR2. Ofisi iliyokuwa na mashine kumi za aina hizo mbili zilizochanganyika ingeweza kuagiza vipande kumi vya aina moja kutoka Kampala, na nusu yake visiingie. Kuvirudisha ni safari nyingine ya basi, nauli nyingine, na muuzaji ambaye huenda akasema havijatoka kwake. Kanuni ya kwanza ya fundi wa Juba ikawa ile ya mtu anayekwenda dukani kutafuta boliti: chukua ya zamani mkononi. Ng'oa RAM iliyomo, ifunge kwenye karatasi, mpe anayesafiri aende nayo. Muuzaji wa Kampala au wa Luthuli Avenue, Nairobi, ailinganishe na ya kwake, pengo kwa pengo.

Wenzao wa Ulaya walikuwa na njia rahisi. Kampuni kama Crucial na Kingston ziliweka kwenye intaneti orodha ambapo unaandika modeli ya mashine na kupata jibu. Juba intaneti ilikuja kwa setilaiti, polepole na kwa bei kali, hadi faiba kutoka Uganda ilipofika karibu na mwaka 2020. Kwa zaidi ya miaka kumi orodha ya Juba ilikuwa daftari: jina la mashine, aina ya RAM, kiwango cha juu inachobeba, na alama ya mkasi mbele ya kile kilichokataa. Daftari la namna hiyo, lenye madoa ya chai na vidole vya grisi, linastahili nafasi kwenye maktaba ya taifa karibu na nyaraka za wizara, maana ofisi zilizoandika nyaraka hizo zilisimama kwa msaada wake.

Kazi ilikuwa nyingi. Sensa ya Aprili 2008, kura ya maoni ya Januari 2011, kisha uhuru wa Sudan Kusini tarehe 9 Julai mwaka huo: kila moja ilitaka fomu, orodha na makarani wa kuingiza takwimu. Nchi mpya ikapata msimbo wake wa simu, 211, na mwaka 2012 barabara ya Juba hadi Nimule, kilomita 192, ikakamilika kwa lami kwa fedha za Marekani. Safari iliyokuwa ikila siku nzima au zaidi ikawa ya saa chache. Kwa fundi, lami hiyo ilikuwa na maana moja kubwa: kipande kilichokosewa kiliweza kurudi Uganda na kingine kuja ndani ya juma lilelile.

Lakini soko nalo lilikuwa limeshakuwa na mitego mipya.

Chukua kibandiko cha RAM yoyote ya miaka hiyo. Kimeandikwa, tuseme, 2GB 2Rx8 PC2-6400U. Tarakimu ya 2 baada ya PC ni kizazi, yaani DDR2. Namba 6400 ni kasi kwa megabaiti kila sekunde. Ukiigawa kwa 8 unapata 800, ndiyo maana wengine huiita DDR2 ya 800. Kwa hesabu hiyohiyo, kwa kukadiria, PC3-10600 ni DDR3 ya 1333. Kasi haiwatishi mafundi, kwa kuwa kipande chenye mbio kikiwekwa kwenye mashine ya polepole kwa kawaida hushuka na kukimbia nayo. Herufi ya mwisho ndiyo ya kuogopa. U ni ya kompyuta ya kawaida. R ni ya seva. DDR3 yenye R ina pengo mahali palepale, inaingia kwenye sloti bila ubishi, klipu zinafunga, halafu kompyuta inawaka feni tu na skrini inabaki nyeusi. RAM za seva huuzwa bei ya chini pale seva nyingi zinapostaafu kwa mkupuo, na mnunuzi asiyejua herufi anadhani ameokota embe chini ya mwembe.

Mtego wa pili uliwasumbua hata waliokuwa wanasoma herufi. Zilitoka DDR2 za gigabaiti 4, mpya kabisa, zenye U, bei ya kuvutia, zikifanya kazi vizuri kwenye mashine za AMD. Ukiziweka kwenye mashine ya Intel, na mashine nyingi za mitumba zilikuwa za Intel, haziwaki. Sababu iko ndani ya chipu: vipande hivyo vimepangwa kwa safu za anwani ambazo chipu simamizi ya Intel ya zama zile haikufundishwa kuzisoma. Mwenye macho makali huliona neno AMD limeandikwa kibandikoni kwa herufi ndogo. Mwenye haraka haoni.

Wa tatu ni wa mazabodi zenye chipu simamizi ya Intel G41. Nyingi za mwisho zilitumia DDR3, na zinakubali kipande cha gigabaiti 4 kwa sharti moja: kiwe na chipu 16, nane kila upande. Kipande cha gigabaiti 4 chenye chipu nane kubwa upande mmoja kinakataliwa, ingawa kwenye mashine ya miaka miwili mbele yake kinafanya kazi bila tatizo. Kwa hiyo fundi anayenunua kwa ajili ya G41 anageuza kipande na kuhesabu, kama mama anayehesabu mayai kwenye trei kabla ya kulipa. Nane huku, nane kule, twende.

Baada ya kuchagua linabaki tendo lenyewe, na lina uzuri wake. Mashine inachomolewa ukutani, kitufe cha kuwashia kinabonyezwa mara moja ili umeme uliobaki umalizike. Fundi anashika chuma cha boksi kwanza ili chaji za mwilini mwake zishuke huko na zisiingie kwenye chipu. Vumbi la Januari, jekundu na laini kama unga, linapulizwa au kufagiliwa kwa brashi ya rangi. RAM ya zamani inang'olewa, pini zake zinasuguliwa kwa raba nyeupe ya kufutia penseli hadi dhahabu irudi kung'aa, maana mara nyingi kinachodhaniwa kuwa RAM iliyokufa ni kutu nyembamba tu iliyoletwa na unyevu wa masika. Kisha vipande vinapangwa kwa jozi zinazolingana, kila kimoja kinasukumwa kwa vidole gumba viwili hadi klipu ziseme ta, ta. Mashine inawashwa. HP ikipepesa taa nyekundu mara tano na kulia mara tano, tatizo ni RAM, na kila mtu chumbani anaelewa bila kutafsiriwa. Dell hutoa jibu kwa taa nne ndogo zenye namba. Ukimya ukifuatiwa na mlio mmoja mfupi kwenye mashine nyingi ni habari njema.

Hata hapo ugomvi mmoja ulijirudia. Mteja amelipia gigabaiti 4, Windows inamwonyesha 3 na kidogo. Anaamini kapunjwa. Fundi analazimika kueleza kwamba Windows ya biti 32 ina anwani 4,294,967,296 tu za kugawa, na sehemu yake huchukuliwa na kadi ya picha na vifaa vingine. Wapo walioeleza kwa mfano wa hoteli: vyumba ni mia, lakini kumi wanalala wafanyakazi. Mfano huo ulieleweka upesi katika mji ambao nusu ya mashirika yalikuwa yanaishi hotelini.

Umeme ulikuwa na sauti yake katika kila uamuzi. Juba iliendeshwa kwa jenereta, na kituo kikubwa cha megawati 33 cha kampuni ya Ezra kilianza kazi Novemba 2019 tu. Jenereta ikitetereka, volti zinaruka, na vya kwanza kuumia ni kapasita za mazabodi. Mashine za katikati ya miaka ya 2000 zilikuwa tayari na ugonjwa huo tangu kiwandani, kwa sababu ya kapasita mbovu zilizosambaa dunia nzima. Mwaka 2005 Dell ilitenga dola milioni 300 kwa ajili ya kukarabati OptiPlex zilizoathirika. Fundi mwaminifu, kabla ya kumuuzia mtu RAM, anaangalia vichwa vya kapasita. Vikiwa bapa, anaendelea. Vikiwa vimevimba kama maandazi, anamwambia mwenye mali asitupe hela yake humo. Uaminifu wa namna hiyo ulimkosesha fundi mapato ya siku moja na kumpa wateja wa miaka, na ndio uliotenganisha vibanda vilivyodumu na vile vilivyofungwa.

Kilichoifanya kazi hii iwe ya lazima, zaidi ya umeme na barabara, ni pauni, sarafu ya nchi. Januari 2012 nchi ilizima visima vyake vya mafuta kwa ugomvi na Khartoum, na bajeti ikakauka. Desemba 2013 vita vikazuka Juba. Tarehe 15 Desemba 2015 serikali iliiachia pauni ielee, na bei rasmi ya dola ikaruka kutoka karibu pauni 3 hadi zaidi ya 18 kwa siku moja. Julai 2016 mapigano yalirudi mjini, maduka, maghala na ofisi zikaporwa. Shirika dogo, shule au duka la picha lililokuwa limepanga kununua kompyuta mpya tatu liligundua kwamba hela zile haziwezi kununua hata moja. Ila zinatosha vipande vitatu vya RAM. OptiPlex 755 au HP dc7800 ya mwaka 2007, ikipandishwa kutoka gigabaiti 1 hadi 4, iliendelea kulipa mishahara, kuchapa barua na kupanga matokeo ya mitihani kwa miaka mingi ambayo mtengenezaji hakuikusudia.

Ajabu ni kwamba ya zamani iligeuka kuwa ghali. DDR2 ilipoacha kutengenezwa kwa wingi, gigabaiti moja ya DDR2 ilianza kuuzwa ghali kuliko gigabaiti moja ya DDR3. Ujuzi wa kuchagua mashine ukaungana na ujuzi wa kuchagua RAM. OptiPlex 760 na 780 zinafanana kwa sura. Ya kwanza ni DDR2, ya pili DDR3. HP dc7900 na 8000 Elite ni hadithi hiyohiyo. Anayejua atachagua ya pili hata kama imechubuka rangi, akifikiria RAM atakayoitafuta miaka minne baadaye.

Lugha ya vibanda hivyo nayo ilikua na kazi. Wengi wa vijana walioshika bisibisi walirudi kutoka Kakuma, kambi iliyofunguliwa Turkana mwaka 1992, au kutoka shule za Uganda na Kenya. Mteja anaeleza tatizo lake kwa Kiarabu cha Juba, fundi anamjibu kwa hichohicho, kisha anageuka na kumwambia mwenzake kwa Kiswahili alete bisibisi ya nyota na raba. Sudan Kusini ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016 na mazungumzo ya kufundisha Kiswahili shuleni yakaanza, kwenye meza za mafundi Kiswahili kilikuwa kimeshafanya kazi miaka kumi, kikihesabu pini na kutaja bei.

Sasa kizazi kingine kimefika mezani. Windows 10 iliacha kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta za RAM ya DDR4, yenye pini 288 na ukingo uliopinda kidogo, zinastaafu Ulaya na Marekani kwa wingi. Kwa desturi, wimbi kama hilo lingeshusha bei hadi Nimule. Safari hii vituo vikubwa vya akili bandia vimenyonya uwezo wa viwanda vya chipu, bei za RAM zimepanda dunia nzima, na Desemba 2025 kampuni ya Micron ilitangaza kuiondoa Crucial, jina ambalo mafundi walilitafuta kwenye vibandiko kwa miaka yote hii, katika soko la wanunuzi wa kawaida. Kwenye vibanda vya Juba, makopo ya maziwa ya unga yanayotunza RAM zilizong'olewa yamesogezwa kutoka chini ya meza hadi kwenye droo yenye kufuli: kopo la DDR2, kopo la DDR3, na moja dogo la DDR ya kwanza, kwa sababu mjini bado ipo mashine ya namna hiyo inayoendesha printa ya mtu.